Kompyuta Imekataa Pacha

Wenzangu, leo kompyuta ya ofisi imekataa mtu!

Nilikuwa nasajili wanachama wapya wa ushirika wa wavuvi. Opiyo akaingia vizuri. Pacha wake, Odongo, akakataliwa. Kila nikijaribu, ile skrini ya kijani inasema: huyu yupo tayari.

Baba mmoja, siku moja ya kuzaliwa. Aliyetengeneza hiyo programu huko Nairobi hajawahi kuona mapacha, ama?

Nikamfuta Opiyo, nijaribu tu. Odongo akaingia mara moja!

Mama Atieno, karani mwenzangu, akacheka: "Bwana, kumbe nafasi ni ya mmoja!"

Nikacheka pia, halafu nikaketi kuwaandikia ninyi.

Mnajua mimi pia ni Odongo; kwetu Waluo pacha wa kwanza huitwa Opiyo, wa pili Odongo. Opiyo wangu mimi tulimzika kwetu Kisian mwaka jana.

Anayejua dawa ya hii mashine aniandikie. Hata asiyejua, aniandikie.