Mzigo Niliouficha Nilipoagiza Pikapu

Mwanangu, kuna siku moja ninayoikumbuka kuliko nyingi ambazo ningependa kuzikumbuka: siku niliyoketi mbele ya meza ya kioo katika yadi ya magari mjini Mombasa, kalamu mkononi, nikaandika uongo wa mstari mmoja na kujiona mjanja kuliko wote waliozaliwa kati ya Wenje na Kipini. Nakueleza haya kwa sababu nimesikia kwamba wewe na wenzako mnataka kuagiza pikapu mpya ya kazi nzito, ya kuvuta tela. Kheri. Lakini kabla hujashika kalamu, nisikilize. Aliyetafunwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na ung'ongo wangu ni fomu ya kuagizia gari.

Wakati huo nilikuwa kijana wa miaka ishirini na minne, karani wa kikundi chetu pale Garsen. Kilikuwa kikundi cha pande mbili ambazo, kama ujuavyo, huwa zinatazamana kwa jicho la pembeni: sisi Wapokomo tulimao kingo za mto, na Waorma wafugao nyikani. Kilichotuunganisha ni tela moja lenye tangi la maji la lita elfu mbili. Wakati wa kiangazi lilipeleka maji ya mto katika vijiji vya wafugaji ambavyo visima vyake vilikuwa vimegeuka chumvi. Msimu wa mavuno tangi lilishushwa, tela likabeba ndizi na maembe yetu hadi sokoni. Gari kuukuu lililokuwa likilivuta lilikufa mwanzoni mwa kiangazi kibaya. Wafugaji wakauza mafahali, wakulima wakatoa mavuno ya msimu mzima, nikatumwa mimi niliyesoma nikaagize gari jipya. Huko nyikani, katika kijiji cha mwenyekiti wetu Mzee Godana, wazee na ndama wasioweza kuhama na kundi kubwa walibaki wakinywa maji machache yaliyoletwa kwa punda, na kulingoja tela letu.

Nilisafiri shaka ikiwa imenijaa hadi kooni. Nilimshuku Mzee Godana kwanza. Siku moja kabla ya safari aliniuliza, "Jilo, utamwambia mtu wa gari tunavuta nini?" Nikamjibu kwamba nitamwambia. Asubuhi ya pili, nikiwa kituoni, akaja na kurudia swali lile lile. Nikajiuliza: mfugaji huyu ana nini na mzigo? Bila shaka anataka gari liandikwe kuwa la maji, ili kesho waseme ni lao, na ndizi zetu zioze shambani. Kikulacho ki nguoni mwako, nikajiambia, wala sikujua kwamba aliyekuwa nguoni mwa kikundi ni mimi.

Na muuzaji nilimshuku hata kabla sijamwona. Nimekulia kando ya soko la mifugo la Garsen. Pale mnunuzi na mwenye ng'ombe hushikana mikono chini ya kitambaa, bei ikasemwa kwa vidole, na waliosimama hatua moja kutoka kwao wasijue lolote. Somo nililolichukua sokoni, tena nililolichukua nusu, ni kwamba anayeficha ndiye anayeshinda. Ukimwambia dalali haja yako, umempa mpini, ukabaki na makali.

Muuzaji mwenyewe alikuwa kijana wa rika langu, mwenye shati jeupe na adabu nyingi iliyonizidishia wasiwasi.

"Karibu, ndugu yangu. Unataka gari la kuvuta nini?"

"La kuvuta tela."

"Tela la nini? Maji, mifugo, mashua? Na njia yenyewe ni lami au udongo?"

Nikawaza: anatafuta pa kunikamatia. "Ndizi," nikasema. "Mikungu michache tu. Njia ni lami."

"Una hakika? Maana nina aina mbili. Hii ndogo itakutosha kwa ndizi. Ile nyingine ina injini kubwa na fremu nene, ni ya mizigo mizito hasa. Lakini sitaki kukuuzia usichokihitaji."

Mwanangu, mfanyabiashara ananizuia nisinunue cha bei kubwa! Hapo ndipo nilipopaswa kuitua shaka yangu chini, na hapo ndipo nilipoibeba begani. Nikajiambia kwamba ananifanyia maringo ili niitamani ile kubwa. Nikaagiza ndogo. Katika fomu palikuwa na nafasi ya kueleza mzigo utakaovutwa, nami nikaijaza kwa mwandiko wangu mzuri wa shule: ndizi, tela dogo, barabara ya lami. Nikatia sahihi. Njia nzima ya kurudi Garsen nilikuwa nikitabasamu peke yangu dirishani.

Pikapu ilifika baada ya majuma sita, nyeupe, viti vikiwa bado vimevikwa nailoni. Mama Hawa, mkulima wa migomba ambaye Mungu hakumjalia kunyamaza, akaizunguka mara mbili.

"Imenona mbele, nyuma imekonda," akasema. "Kama bwana harusi aliyeazima koti!"

Tukacheka. Siku ya pili tukafunga tela, tukajaza tangi mtoni, dereva akatia gia apande ukingo. Injini ikanguruma, pua ya gari ikainuka, magurudumu ya nyuma yakachimba udongo mweusi, kisha tela lenye tani mbili za maji likaanza kuirudisha pikapu mtoni. Tukakimbia kuweka magogo nyuma ya magurudumu. Moshi wa klachi ukatuingia puani. Halikubaki la kufanya ila kufungua bomba na kumwaga. Nilisimama nikiyatazama maji yakirudi mtoni, nusu nzima ya tangi, nami nilijua yalikuwa ya nani.

Tukaendelea hivyo, nusu tangi kila safari, hadi juma la tatu klachi ilipoungua kabisa katikati ya nyika. Kabla fundi hajapata nyingine, ndama wa kijiji cha Mzee Godana walikuwa wameanza kufa, na bibi mmoja mzee akaletwa zahanati kwa mkokoteni, midomo imepasuka kwa kiu.

Kikao kikaitwa. Sasa shaka iliyokuwa yangu peke yangu ikawa ya kila mtu.

"Yule mtu wa Mombasa ametula!" walisema wakulima.

"Kijana wenu amepewa chai," walijibu wafugaji.

"Chai gani?" Mama Hawa akawarukia. "Mtazameni shingo yake. Huyu hata uji hajapewa!"

Vijana wa pande zote mbili, ambao kwa mara ya kwanza walikubaliana jambo, walikuwa tayari kupanda gari kesho yake wakamtoe muuzaji yule ofisini kwa mikono yao. Ndipo Mzee Godana alipofungua mfuko wake wa plastiki, akaitoa nakala ya fomu niliyoijaza, iliyokuja na gari, akaninyooshea. Yeye hakujua kusoma. Wala hakuwapo mwingine pale ambaye angeweza kuisoma, kwa sababu ilikuwa ya Kiingereza.

"Jilo," akasema, "sisi macho yetu ni wewe. Soma pale ulipoandika mzigo."

Neno moja tu, mwanangu. Ningesema "maji", na muuzaji angekuwa mwizi, nami ningebaki kijana mwema aliyetapeliwa. Nilimfikiria yule kijana wa shati jeupe akikokotwa mbele ya meza yake ya kioo. Nikasoma kilichoandikwa.

Mama Hawa ndiye aliyesema kwanza, tena kwa sauti ya chini ambayo sikuwahi kuisikia kwake: "Ndama wanakunywa ndizi, Jilo?" Hakuna aliyecheka.

Mzee Godana akaniuliza, "Kule sokoni, chini ya kitambaa tunaficha nini?"

"Bei, mzee."

"Na ng'ombe?"

"Ng'ombe amesimama nje."

"Amesimama juani. Kila mtu anaona meno yake, anaona na mguu wake mbovu. Bei ficha, hiyo ni haki yako. Wewe ulificha ng'ombe." Akakunja fomu, akairudisha mfukoni. "Na mimi nilikuuliza mara mbili. Ulidhani nataka nini?"

Ametangulia mbele ya haki, Mungu amrehemu, na swali hilo bado ninalo.

Kikundi kiliiuza pikapu ile kikaagiza nyingine, na safari hiyo Mzee Godana alikwenda mwenyewe. Akaketi mbele ya meza ile, akamweleza muuzaji lita za tangi, mwinuko wa ukingo, udongo ulivyo mvua ikinyesha na ulivyo ikikosekana. Kijana akaandika yote, kisha akauliza mengine matatu ambayo hata sisi hatukuwa tumeyafikiria. Gari alilotupatia lilivuta maji yetu kwa miaka mingi. Lakini mvua ilikuja kabla yake, na mvua haifufui ndama.

Sasa nikupe nasaha yangu, mwanangu, uipokee au uiache. Sikuambii umwamini kila mtu. Dunia hii ina matapeli, na wengine wao wana adabu. Usiridhike na picha za kijitabu. Soma uzito ulioandikwa kwenye bamba la mlangoni, kisha uombe gari livute tela lako mbele ya macho yako, likiwa limejaa, kwenye mwinuko, kwani tela tupu huvutwa hata na punda. Akikataa, toka. Shaka ya namna hiyo ni nusu ya akili. Lakini shaka iuonaye ukweli kuwa ni mali ya kufichwa, hiyo ni maradhi, na mficha maradhi kilio humuumbua. Utakayemtaka akusaidie kubeba, mwonyeshe mzigo wote. Mficha uchi hazai.

Na la mwisho, ambalo limenigharimu kuliko yote: ukimwona mshirika wako, hasa yule wa kabila lisilo lako, anakuuliza swali moja mara mbili, usikimbilie kutafuta hila nyuma yake. Huenda yeye ndiye mwenye kiu.

Nenda kaagize gari lako. Mola aliimarishe kwenye matope na kwenye mchanga, asikuonyeshe maji ya wenzako yakimwagika kwa kosa lako. Akujalie washirika wanaouliza mara mbili, nawe akujalie ulimi wa kuwajibu kweli mara ya kwanza.