Debe la Kaka

Mkono wangu ni mwepesi. Mama alishanichoka tangu utotoni. Lakini siku ukumbi wa sinema ulipobomolewa nilipiga watu kuliko nilivyowahi kupiga maishani, na sijutii hata pigo moja.

Ukumbi ule aliujenga mfanyabiashara wa Kihindi, enzi ambazo watu wa Tabora walivaa suti kwenda kutazama picha. Sinema ilipokufa ukawa ghala la tumbaku, kisha mimi na kaka yangu tukaupanga, tukawa tunaonyesha video. Mimi nilikaa mlangoni. Kaka alikaa mbele, chini ya skrini, na kipaza sauti chake, akitafsiri. Yeye ndiye steringi, yeye ndiye adui, yeye ndiye mama mkwe anayelia. Bomu likilipuka kwenye picha, analitwanga debe tupu la mafuta kwa rungu mpaka vumbi linadondoka darini. Watu walilifuata debe lile kuliko picha yenyewe. Na alikuwa na sheria moja: mtafsiri haachi picha katikati.

Jengo likauzwa. Tajiri aliyelinunua alitaka kujenga maduka ya kisasa, akatuambia tuhame mwisho wa mwezi. Ijumaa moja baada ya swala, mwezi haujaisha, nikasikia katapila likinguruma nyuma ya ukumbi. Nikazunguka mbio. Dereva alikuwa ameambiwa ndani hamna mtu. Nilipiga kelele, hakunisikia. Akaugonga ukuta.

Ndani watu wakashangilia. Walidhani ni debe.

Niliingia nikipayuka, "Tokeni! Ukuta unaanguka!"

"Dada, kaa chini, unatuzibia!"

Pigo la pili likaupasua ukuta toka juu hadi chini, nao wakapiga miluzi. Hapo hasira zikanipanda. Nikanyakua ubao wa benchi lililovunjika, nikaanza kutandika. Migongo, mabega, vichwa. Mzee mmoja ambaye kila siku nilimpa shikamoo nilimpasua paji la uso. Walikimbia kwa kuniogopa mimi, si ukuta, na kwa kunikimbia mimi wakapona.

Kaka alibaki ameshika kipaza sauti. Nikamwita kwa jina, nikamtukana. Akaninyooshea kidole kimoja: subiri, inaisha. Ukuta ukamwangukia.

Tulimfukua kwa mikono. Wale niliowatoa damu walimburuta dereva toka kwenye kiti chake, wakampiga kwa matofali yale yale mpaka mkono wake ukavunjika, na mimi nilitamani wasiache. Kaka tulimkimbiza hospitali ya Kitete kwa bajaji, kichwa chake mapajani mwangu, taya likining'inia kama mlango uliong'oka bawaba. Alipona. Taya halikurudi lilivyokuwa.

Maduka yakajengwa. Watu walitoka hata Urambo, wakishauza tumbaku, kuja tu kupanda ngazi za umeme na kushuka. Juu kabisa kukawa na sinema yenye viti vya sofa. Leo ngazi zimesimama, maduka mengi yamefungwa, na sinema inavionyesha picha viti vyake. Watu picha wanazo kwenye simu.

Mwezi uliopita tajiri akaja kwetu na mfuko wa sukari. Alijua kuna mtu aliumia siku ile. Hakuwahi kuuliza ni nani.

"Nasikia kaka yako ndiye alikuwa anajaza watu," aliniambia. "Aje atafsiri kwangu. Aje na debe lake."

Mkono ukaanza kuniwasha. Kaka, aliyekuwa mkekani, akaninyooshea kidole kile kile: subiri. Kisha akamgeukia mgeni akamsemesha, taratibu, kwa heshima zote, mate yakimtoka pembeni mwa mdomo. Mimi nimeshamzoea, namwelewa.

Tajiri akanitazama. "Anasema nini?"

Kaka alikuwa amesema, karibu bwana, keti, upate chai. Nikamwambia anasema toka.