Songwe Isiyo Songwe

Enesi, muuza vitenge wa Tunduma, alikuwa hajapanda ndege tangu azaliwe, na asingepanda kama si gauni. Gauni la harusi la Goodness, binti wa mdogo wake Yesaya, lilimalizwa Ijumaa jioni na fundi wa Dar es Salaam, ambako Enesi alikuwa amelifuata. Ibada ilikuwa Jumamosi saa nane, Ikinga, kule milimani Ileje. Kwa basi angefika watu wanakula kiporo.

Basi asubuhi ile akawa angani, gauni kalipakata kama mtoto mwenye homa. Milima ilipoanza kuchomoza vichwa kwenye mawingu, ndege ikazunguka. Ikazunguka tena.

"Dada," alimwita mhudumu, "dereva kapotea?"

"Ni ukungu, mama. Uwanja hauonekani."

"Si ashushe kioo aulize?"

Jirani yake, baba mmoja mwenye tai, alicheka mpaka akaimwagia tai juisi. Enesi akasogeza gauni. Cheka huko huko, baba.

Walipotua saa nne akapiga simu. "Yesaya! Nimefika Songwe, uko wapi?"

"Nami niko Songwe, dada. Tangu saa moja. Ndege siioni."

"Songwe ipi?"

"Si hapa Vwawa, makao makuu ya Mkoa wa Songwe!"

Enesi akafumba macho. Uwanja unaitwa Songwe lakini uko Mbeya. Hata watoto wa darasa la tatu wanajua. "Usisogee! Vwawa iko njiani, nakodi gari nakuja huko."

"Aa, dada, hiyo aibu! Nakufuata." Akakata. Enesi akapiga tena: haipatikani.

Akakodi gari. Walipofika Mlowo, Noah nyeupe ya Yesaya ikawapita ikikimbilia Mbeya, mwenyewe kaukumbatia usukani, kavaa suti ya harusi tayari. Enesi alitoa kichwa dirishani akaita mpaka koo likakauka.

"Tugeuze, mama?" dereva akauliza.

Enesi akatazama saa, akatazama gauni. "Bibi harusi havai baba. Twende."

Saa nane kasoro dakika kumi Goodness alikuwa ndani ya gauni, na zipu ilipanda, ingawa kwa kuvuta pumzi. Kanisani mchungaji akauliza ni nani anayemtoa binti huyu. Enesi akasimama, vumbi la njiani bado liko kwenye nyusi.

"Mimi, shangazi yake."

"Baba yake yuko wapi?"

"Uwanja wa ndege, Mchungaji."

"Anasafiri?"

"Hapana. Ananipokea."