Mausi Iliyolala Chali

Mkulima yule alimkata ndama wetu mshipa wa mguu wa nyuma kwa panga, mbele ya macho yangu, na ndama akaketi kama mbwa. Hicho ndicho kinachonijia kwanza kila nikikikumbuka kijiji cha Kaoze. Shamba la mahindi ambalo ng'ombe wetu walikuwa wamelivuruga tangu alfajiri, kwa kuwa mimi nilipitiwa na usingizi, halinijii. Namwona ndama ameketi, anajaribu kusimama, anashangaa.

Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne na kurudishwa machungani. Baba alihamia Rukwa na mifugo kutoka kaskazini-magharibi nikiwa bado wa kubebwa mgongoni, na kama watoto wote wa wafugaji nililijua kombeo kabla ya kujua kusoma. Ni kamba ya katani yenye kitanda cha jiwe katikati. Unazungusha juu ya kichwa, unaachia ncha moja. Sisi tulilitumia kumrudisha ng'ombe aliyepotoka: jiwe linaanguka mbele ya pua yake, anageuka. Siku ile sikulenga mbele ya pua ya mtu. Nililenga uso, na jiwe likampata kwenye jicho la kushoto.

Hakuanguka. Alidondosha panga, akaokota mpini wa jembe, akanijia huku damu inamtiririka mpaka kwenye ndevu. Nilikimbia, nikajikwaa kwenye tuta, nikalala chali, nikainua mkono wa kulia kukinga kichwa.

"Hili la jicho," akasema, akapiga. Kifundo cha mkono kilivunjika palepale. Akaukanyaga mkono ili usiondoke. "Na hili la mahindi."

Nyumbani, baba alipomwona ndama, alinichapa fimbo hata kabla mzee aliyekuwa akiniunga mfupa hajamaliza kufunga zile banzi za mianzi. Mzee alilazimika kuanza upya. Labda ndiyo sababu mfupa ulishika upande. Tangu siku hiyo kiganja changu kimepinda kwa nje kama mundu. Vidole vinacheza vizuri, lakini kifundo chenyewe hakiendi mbele wala nyuma, na nikiusukuma mkono mezani maumivu hupanda mpaka kwapani.

Niliondoka nyumbani bila kuaga. Tangu hapo nimeishi Mpanda, Tunduma, Kigoma, na sehemu nyingine ambazo hata sikukaa mpaka mvua ya pili. Sasa nimevuka arobaini, na mji ninaourudia usingizini ni Sumbawanga, ule ubaridi wake wa asubuhi unaomfanya mtu ashike kikombe cha chai kwa mikono miwili, malori ya mahindi yakinguruma sokoni.

Pale sokoni nilianza kwa kubeba magunia kwa bega na mkono mmoja. Walinipa jina la Mundu. Siku moja mwenzangu alinikejeli mbele ya wanawake wauza dagaa, nikampiga kwa kiwiko, akatema jino. Mama aliyekuwa na duka la steshenari ng'ambo ya barabara aliiona vita nzima akiwa mlangoni. Aliniita.

"We kijana, umesoma?"

"Kidato cha nne, mama."

"Na unapigana kama mbuzi. Njoo upige chapa badala ya watu."

Ilikuwa miaka ile ambayo kila kitu kilikuwa kinaingia. Baada ya nguo za mitumba zilikuja redio za mitumba, halafu kompyuta za mitumba, na mama alikuwa wa kwanza mtaani kwetu kuwa nayo. Watu walileta barua za maombi ya kazi, kadi za harusi, matangazo ya misiba, malalamiko ya mashamba. Alikuwa na desturi moja: hakuna karatasi iliyotoka dukani bila yeye kuisoma kwa sauti, mbele ya mwenyewe.

Kibodi nilikiweza ndani ya mwezi. Kilichonishinda ni mausi. Mausi za siku zile zilikuwa na gololi tumboni. Unaisukuma mezani, gololi inabiringika, kishale kinatembea kwenye skrini. Kusukuma ndiko nisikokuweza. Nilisukuma kwa mkono wote kuanzia begani, kama mtu anayepiga deki, na meza yetu ilikuwa ndogo, hivyo kila mara naifikisha ukingoni, nainyanyua, naanza tena, jasho linanitoka. Nilijaribu mkono wa kushoto. Kishale kikawa kama kimelewa. Barua ya ukurasa mmoja ilinichukua asubuhi nzima.

"Nakupa mpaka mwisho wa mwezi," mama akaniambia. "Nakuhurumia, baba, ila huruma haipigi chapa."

Kabla mwezi haujaisha, boksi la vifaa likafika kutoka Dar. Ndani mlikuwa na mausi mbili. Moja ilikuwa mpya kabisa, nyeupe, bado imo kwenye nailoni yake. Nyingine ilikuwa nzito, ya kijivu, imechujuka, na gololi yake ilikaa juu badala ya tumboni: nyekundu, ngumu, kubwa kidogo kuliko yai la kuku.

Mama akaishika kwa vidole viwili. "Hii imekufa. Panya akilala chali hivi si amekufa?"

"Labda gololi imewekwa kinyume," nikasema.

"Chagua moja. Nyingine naiuza."

Niliiunganisha ile ya kijivu kwa ubishi tu. Nikaweka vidole juu ya gololi, nikaibiringisha. Chombo hakikusogea, mkono haukusogea, lakini kishale kilikimbia mpaka pembeni mwa skrini. Nikarudisha vidole, kikarudi. Kifundo kilikuwa kimetulia juu ya meza kama mzee aliyekaa kwenye kigoda. Sikusikia maumivu. Nilifanya hivyo mara nyingi sana, mama akafikiri nachezea mali yake.

"Nachukua hii, mama."

"Unaacha mpya unachukua maiti?"

"Mpya ni ya watu wenye mikono miwili."

Akacheka, akaiita Chali, na jina likabaki hilo. Wateja walitania, maana jina la mji wetu husemwa kuwa ni "tupa uchawi": "Hapa ndiyo Sumbawanga, kitu hakiendi na mshale unaenda, tupa wanga huo!" Mimi sikujali. Chali ilinipa kazi. Nilipunguza hata kupigana. Sikumwambia mtu kwamba gololi ile, nikiitoa kuifuta vumbi, ilikuwa na uzito na ukubwa wa jiwe zuri la kombeo, na kwamba kila nilipoishika kiganja changu kilichopinda kiliifumba chenyewe.

Mwaka wangu wa tatu dukani, aliingia mzee mwenye koti zito na jicho moja. La kushoto lilikuwa limeshonwa likawa mkunjo tu. Mimi nilimjua kabla hajakaa. Yeye hakunijua, mara ya mwisho alinitazama kupitia damu, na sasa nilikuwa na ndevu na shati la kola. Mama alikuwa uani anatia dizeli kwenye jenereta.

"Shikamoo, baba." Sikusimama, wala sikutoa mkono.

"Marahaba. Nataka barua kwa mtendaji. Ng'ombe wameingia shambani kwangu tena. Ofisini kwake wameniambia safari hii nieleze yote, tangu mwanzo, ndipo watafuatilia."

Alisema, mimi nikaandika kwa mkono wa kushoto. Mkono wa kulia niliuficha nyuma ya skrini, juu ya Chali, na kwa kuwa hauhitaji kusogea hakuuona. Alieleza vizuri, bila kupayuka. Alitaja asubuhi ile, mahindi, ndama. Hata panga alilitaja. Halafu akasema:

"Andika: aliyenitoa jicho ni kijana wa mfugaji, jina lake silijui. Ila atatambulika kwa mkono wa kulia, maana niliuvunja mwenyewe kifundoni. Naomba mgambo watafute mkono huo."

Niliandika. 

"Umeandika?"

"Nimeandika, baba."

"Nisomee. Jicho lililobaki nalo haliwezi herufi ndogo."

Nikaviringisha gololi. Kishale kilikwenda mwanzo wa sentensi ile ya mkono kwa utulivu ambao mausi ya kawaida isingenipa kamwe. Nikaikamata yote, ikawa nyeusi, nikabonyeza, ikapotea. Kisha nikamsomea barua, na nilipofika pale nikaisema ile sentensi kwa kichwa, neno kwa neno, nikimtazama usoni. Akaitikia kwa kichwa. Nimewahi kuwaumiza watu kwa ngumi na kwa kiwiko, lakini sijawahi kumpiga mtu kama nilivyompiga mzee yule wakati ule.

Nikachapa. Karatasi ikatoka, nikaikata, nikampa.

Sauti ya mama ikatoka mlangoni. Alikuwa amerudi, ananuka dizeli. "We mtoto! Unampa mzee kitu kwa mkono wa kushoto?"

Kwetu, na kwao, na kwa kila mtu niliyewahi kuishi naye, hilo ni tusi. Kwa miaka mitatu niliwapa wateja karatasi kupitia kwa mama ili nisilazimike kuchagua mkono. Mzee alikuwa amerudisha mkono wake nyuma, uso umekunjamana.

"Mpe kwa wa kulia," mama akasema.

Niliutoa. Nini kingine ningefanya? Karatasi ilining'inia kutoka kwenye kiganja kilichogeukia nje. Mzee hakuipokea. Aliutazama mkono, kwa muda mrefu, kisha akanitazama usoni, kisha akarudi kwenye mkono.

"Mama," akasema taratibu, "hebu nisomee hii barua."

Mama akaisoma kwa sauti, kama desturi yake, tangu "YAH:" mpaka mahali pa sahihi. Sentensi ya mkono haikuwemo.

Ngumi ya kwanza ilinikuta bado nimekaa. Nilianguka na kiti. Alinikanyaga mbavu, akanivuta kola, akanipiga tena mpaka mdomo ukajaa damu, na mama akawa anapiga kelele, "Baba, utaua! Utaua dukani kwangu!" Chali ilianguka kutoka mezani, gololi ikachomoka, ikabingirika sakafuni mpaka kwenye kiatu cha mzee.

Akaiokota. Akaipima uzito, mara moja, mara mbili, nami nikaona kiganja chake kinaifumba kama changu. Akaushika mkono wangu mbovu, akaubana juu ya meza, akainua gololi juu. Sikuukinga. Niliwaza ndama tu.

Aliishusha kwa nguvu zake zote. Ilipiga mbao, upana wa kidole kimoja kutoka kwenye kifundo changu. Alama ile iliingia ndani ya meza kama kibakuli cha kunyweshea kuku.

"Irudishe sentensi yangu," akasema. Alikuwa anahema. "Na jina lako. Sasa mwenye mkono amejulikana."

Akaiweka gololi mezani. Niliirudisha kwenye Chali, nikaunganisha waya, nikaketi. Damu ilidondoka kwenye kibodi, mama akaifuta kwa kanga yake. Nilipeleka kishale pale penye pengo, nikaandika sentensi yote upya, nikaongeza jina langu na la baba yangu. Nilipomaliza, mama aliisoma kwa sauti. Alipofika kwenye jina alisita, akanitazama, akalisoma.

Nilimpa mzee karatasi kwa mkono wa kulia. Aliipokea, akaikunja, akaiweka kwenye koti, akatoka.

Usiku ule kulikuwa na basi la Mpanda, na mama alinipa nauli mkononi. Niliirudisha kwenye droo. Sijui hadi leo kwa nini, mimi ambaye nimekimbia miji kwa sababu ndogo kuliko hiyo. Nilikuja kazini kesho yake, na keshokutwa yake. Nilichapa kadi mbili za harusi na tangazo la msiba.

Mgambo walikuja siku ya tatu, wawili, na kirungu. Walisimama mbele ya meza wakisoma jina kwenye karatasi, hawana hakika, kwa maana walitafuta kijana wa mfugaji, nami nilikuwa na ndevu na shati la kola.

"Onyesha mkono," mmoja akasema.

Nikauondoa juu ya gololi, nikauinua.