Macho ya Kogo

Nilisikia wimbo wa katuni kabla sijamwona binti yangu. Ulitoka nyuma ya kochi, na ile saa moja ya simu tuliyokubaliana ilikuwa imeisha zamani. Juzi nilimpokonya simu akaninunia hadi kesho yake. Jumamosi hii nilitaka aiache mwenyewe, ila sikujua nianzie wapi.

Mama mkwe akaingia na kikapu chake cha majani chai mgongoni.

“Mjukuu wangu, nikopeshe macho. Karani wa kituo cha kununua chai akiona majani magumu humu, atanirudisha nayo nyumbani. Twende tuyachague kabla lori halijafika.”

“Dakika mbili, Kogo,” akajibu, maana ndivyo sisi Wakipsigis tunavyomwita nyanya.

“Basi nitaenda na mama yako. Shida ni kwamba yeye hutupa hata yale mazuri.”

Binti akacheka. Mimi pia nilicheka, kwa kuwa ni kweli. Akajitokeza, akaniwekea simu mkononi.

“Na wewe usiangalie, Mama. Saa yako pia imeisha.”

Nikaahidi. Akamshika Kogo mkono, wakatoka, naye akaufunga mlango taratibu nyuma yao.