Punje Mbili za Mjomba

Nakumbuka asubuhi moja ya wakati wa Mdachi, mwanangu, mjomba wangu Mkude alipochuchumaa kando ya kambi ya reli huku chini Morogoro, akafungua pindo la shuka lake na kumwaga punje za mahindi mchangani. Ilinijia jana, niliposikia ukimtajia yule mtu wa lori bei ya kabichi zako. Ulitaja upesi mno. Nikanyamaza, maana kumkosoa mtu mbele ya mteja wake si adabu. Leo hakuna mteja, kaa hapo unisikilize.

Mama yangu alikuwa mfinyanzi huko kwetu juu, upande wa Mgeta. Baba alikwisha kufa, na kodi ya nyumba ilikuwa rupia tatu. Asiyekuwa nazo, askari wa boma walimchukua akazifanyie kazi. Mama alikuwa na mgongo mbovu, hata kuinuka kitandani ilikuwa shughuli. Kazi ile ingemwua, na sote tulilijua hilo. Kwa hiyo tulipopata habari kwamba kambi ya reli inataka mitungi ya maji, tulifurahi kama watu waliotolewa kaburini.

Mjomba ndiye aliyepanga bei. Hakujua kuandika, lakini kila rupia aliiwekea punje yake, na kila punje ilikuwa na mwenyewe. Alianzia mbali. Punje ya kwanza aliiweka kwa mwenye bonde, maana udongo tuliuchimba kwenye ardhi ya ukoo mwingine, na kwetu ukitumia ardhi ya watu unatoa haki yao, tunaiita ngoto. Nne akamwekea mama, tatu za kodi na moja ya chumvi na nguo. Tatu za wapagazi. Moja ya karani aliyetuonyesha mnunuzi. Moja ya njia, maana ule mteremko unaujua, mitungi haikosi kuvunjika. Mwisho kabisa akajiwekea mbili, udalali wake. Zikawa kumi na mbili.

"Ndiyo hiyo bei," akasema. "Usiipunguze, usiipambe."

Msemaji nilikuwa mimi. Kiswahili cha mjomba kilikuwa kimejaa Kiluguru, nami nililelewa kwa shangazi mjini, nikauza vitumbua mpaka ulimi ukanyooka. Basi msimamizi wa kambi akaja, mtu wa pwani, kanzu safi. Nikamtajia kumi na mbili. Akacheka.

"Binti, unasema vizuri kama umezaliwa Bagamoyo," akaniambia. "Mtu anayesema hivi hauzi kwa bei ya porini. Haya, mwisho ngapi?"

Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Nilivimba kichwa, sikufichi. Kisha nikamwona anageuka kuwatazama wafinyanzi wengine waliokaa kule chini na mitungi yao, na hofu ikanishika. Nikamwona akilini mama anabebwa na askari. Nikasema, "Kumi."

Akaitikia papo hapo, akaenda kuleta fedha. Mjomba hakunipinga. Enzi zile msemaji wenu akishataja, mmetaja nyote; maji yakimwagika hayazoleki. Akanionyesha tu zile punje.

"Haya, mpwa wangu. Ondoa mbili."

Nilidhani ni jambo jepesi. Nikanyoosha kidole kwenye punje ya mwenye bonde. "Huyu yuko mbali, mjomba. Hata hajui tumeuza ngapi."

"Udongo wake umo humu ndani ya mitungi. Utautoaje?"

Nikagusa za wapagazi. Akaniuliza kama shingo zao nilizikodi au niliziokota. Nikamtaja karani. "Huyo ndiye aliyetufungulia mlango. Ukimnyima leo, kesho utabisha hodi kwa nani?" Za mama sikuthubutu hata kuzitazama. Ya njia ilikwisha kuliwa, vigae vyake tuliviacha huko kwenye mawe.

"Basi aondoke nani?" nikauliza, na machozi yalikuwa karibu.

Mjomba akaokota zile mbili zake, akazitia kinywani, akazitafuna. Mahindi makavu, mwanangu, yalilia kwenye meno yake. "Kavu kidogo," akasema. "Kachukue fedha, tugawe."

Tukagawa. Kila mtu alipata chake, na mjomba akapanda mlima mikono mitupu, akiwatania wapagazi njia nzima. Nami nikarudi najiona mjanja, nimeuza mitungi yote. Nilidhani zile mbili zilikuwa za tumbaku yake.

Kodi ilipoitishwa, mama alitoa rupia tatu, akaachwa. Mlangoni kwa mjomba askari walisimama muda mrefu. Kumbe alikuwa na rupia moja tu. Mbili zilizobaki ndizo zile alizozitafuna. Alitoka na shuka lake begani, akapita mbele yangu, wala hakusema neno la kunichoma. Laiti angesema. Nililia siku ile kama sijawahi kulia, na hata sasa nikisikia mtu anatafuna mahindi makavu, hutoka nikakaa nje.

Alirudi mvua za masika zilipokwisha, amekonda, bega moja limeinama kwa kubeba vyuma vya reli. Nikampigia magoti, nikamwamkia shikamoo. Hata maji hajanywa, akaniuliza, "Mitungi ya mama yako sasa bei gani?"

Nikamhesabia. Nikaanza kwa mwenye bonde, nikashuka mpaka kwake. Za kwake nilizitaja kwa sauti. Akaitikia kwa kichwa taratibu. "Sasa unaweza kusema," akaniambia, akaomba maji.

Kwa hiyo, mwanangu, jana ulipotaja bei ile, ulimhesabu anayekupalilia? Ulimhesabu mbebaji, na yule dalali wa Dar es Salaam? Chovya chovya humaliza buyu la asali. Wasiohesabiwa mwanzoni watachovya mwishoni, na buyu ni lako. Anza na aliye mbali, asiyekuwapo kujisemea. Jiweke wa mwisho, lakini jiweke, maana nawe una nyumba. Na mdomo ukikuponyoka, usimtafute mnyonge wa kumpunguzia. Punguza lako. Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri.

Nenda sasa, lori litakuacha. Mungu akujalie bei ya kuwatosha wote uliopanda nao na ulioshuka nao mlima ule. Na siku isipotosha, akupe meno ya mjomba wangu.