Vidato Ishirini na Sita

Kwamba yule karani amefariki usingizini, nimeambiwa tu. Nilichokiona mwenyewe ni jeneza lake likipakiwa garini kwa safari ya bara, na sahibu yangu wa tangu chuo cha Kurani akiliegemea kama mfiwa. Mimi nilipolazwa hospitali, sahibu huyo alikuja kunitazama mara mbili tu.

Marehemu alikuwa karani wa ghala huko Shimanzi, Mkristo wa bara, mtu wa maneno machache. Alianza kuja kwenye baraza yetu ya Mji wa Kale kwa ajili ya kahawa, akabaki kwa ajili ya mazungumzo. Siku moja sahibu yangu alitueleza kwamba anafikiria kuihama nyumba ya babu yake. Nikamkata kauli. "Hilo halina mjadala. Nani katika sisi awezaye kuiacha nyumba ya wazee?" Waliokuwapo wakatikisa vichwa kuniunga mkono, nami nikahesabu kuwa jambo limekwisha. Marehemu akaweka kikombe chini. "Mzee, wewe mwenyewe wataka nini?" Sahibu yangu akayashika magoti yake. "Nataka nisipande ngazi, bwana. Vidato ishirini na sita, kwa magoti haya." Kisha akanigeukia akitabasamu. "Huyu mwenzangu huwapenda sana wazee wangu. Lakini hajapata kunipandishia hata ndoo ya maji." Watu wakacheka. Haukupita muda akahamia mtaa wa Buxton, nyumba ya chini isiyo na ngazi, mlango wa pili kutoka kwa marehemu.

Nilimwonea wivu mtu yule, na wivu wenyewe haujazikwa naye. Nilidhani kumjua sahibu yangu tangu utotoni kumenipa ruhusa ya kumsemea. Nimezoea kutilia shaka kila habari ninayoletewa, ila sikupata kuitilia shaka ile "sisi" niliyokuwa nikiitamka barazani. Huwa twamwuliza mtu, tukajijibu wenyewe, kisha tukaona uchungu akimfuata aliyengojea jibu lake.

Ijumaa nilikwenda Buxton kwa sahibu yangu na maneno ya taazia niliyoyapanga njia nzima: kwamba marehemu amepumzika, kwamba sote tu njia hiyo. Mlangoni nikayameza. "Wataka nizungumze, au ninyamaze?" "Nyamaza, ndugu yangu." Nikanyamaza. Akamimina kahawa vikombe vitatu. Kimoja akanipa, kimoja akanywa. Cha tatu akakiweka kwenye kiti kilichokuwa baina yetu, na nilipoondoka kilikuwa kimejaa vile vile.